Mkwaruzo Katika Wimbo wa Saba

Jumapili moja ya mwezi wa tano, tukiwa tumerudi kutoka misa ya kwanza na mvua imetuzuia kwenda shambani, mke wangu aliniuliza ile CD ya kwaya iko wapi. Aliuliza kwa mnong'ono, kwa sababu hana sauti nyingine. Mimi nilikuwa barazani nanoa panga.

"Ya nini?" nikasema.

"Nataka kuisikia."

"Ghafla hivi?"

Alikuwa anakung'uta maji kwenye kitenge chake. Alipomaliza akakitundika kwenye kamba, akakinyoosha pembe zote nne, kisha akasema, "Nimeanza kuisahau."

"Kuisahau nini?"

"Sauti yangu, Baba. Zamani nikiimba kichwani nilijua ni mimi. Sasa sijui kama ni mimi au ni yule dada wa kigango cha juu niliyeimba naye."

Miaka tisa iliyopita kwaya ya parokia yetu hapa Old Moshi ilirekodi nyimbo kumi na moja katika studio moja mjini Moshi. Wimbo wa saba ni wa kukomunika, na beti zake mbili za mwanzo mke wangu anaziimba peke yake. Miaka mitatu baada ya hapo alipasuliwa tezi la shingo. Daktari alitueleza mapema kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita karibu mno na tezi, na kwamba unaweza kuguswa. Uliguswa. Tangu siku hiyo anaongea kwa pumzi tu. Sokoni Kiborloni, anakouza mapazia ya mtumba, wenzake wanaita wateja kwa kelele, yeye anagonga meza kwa futi ya mbao.

Nakala za CD ile zilikuwa chache tangu mwanzo. Nyingine zilivunjika, nyingine ziliazimwa na hazikurudi. Studio ilifungwa, mwenyewe akahamia Dar, na kompyuta yake iliyokuwa na kazi za watu wote ilikufa kabla hajahama. Nimeuliza kila mwanakwaya niliyeweza kumpata. Kwa hiyo sauti ya mke wangu ipo mahali pamoja duniani, kwenye CD moja.

Nilijua iko wapi. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyeitoa ndani ya nyumba, wiki ile aliporudi kutoka hospitali, nikaipeleka kwa mama yangu nikamwambia, "Nitunzie hii vizuri." Mke wangu sikumwambia. Kwa miaka sita hakuuliza, nami nikajihesabu nimefanya jambo la busara.

"Iko kwa mama," nikamjibu.

Alinitazama kidogo tu. "Haya. Kailete."

Mama anaishi katika kihamba hichohicho, shamba letu la migomba la ukoo, hatua hamsini kutoka kwetu, na jiko lake ni jengo la mbao lililo peke yake. Juu ya mafiga kuna dari ya fito iliyopakwa masizi ya miaka mingi, na juu ya dari hiyo ndiko anakoweka vitu asivyotaka viharibike: mahindi ya mbegu yaliyofungwa kwa maganda yake, maharage, mbegu za maboga. Moshi unafukuza wadudu, joto linazuia unyevu. Huku mlimani, ambako ukungu unaingia mpaka kabatini, ni njia nzuri na imetulisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkeo hajambo?"

"Hajambo. Mama, ile CD niliyokupa."

"Ipo. Mimi sipotezi kitu. Panda wewe, magoti yangu yamestaafu. Nyuma ya mahindi, kopo la bluu. Siyo lile la kunde."

Nilipanda. Nililiona kopo la bluu, nikalifungua, na ndani mkawa na maharage yaliyochanganywa na majivu. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Katikati ya maharage kulikuwa na kipande cha khanga, na ndani ya khanga kulikuwa na CD, bila kasha lake.

"Kasha liko wapi?"

"Kile kiboksi? Kinapitisha mende. Nimewekea sabuni."

"Mama, umeifukia kwenye majivu?"

"Majivu ndiyo yanayozuia dumuzi."

"CD hailiwi na dumuzi."

"Uliniambia niitunze vizuri." Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ananitazama nikiwa bado ngazini. "Niambie kitu gani kwenye dari hii nimekitunza kikaoza. Hayo maharage yana misimu mitatu, yatupe chini uone kama hayatachipua. Kama ilikuwa kitu cha kutunzwa na watu waliosoma, ungewaachia waliosoma."

Nilishuka, nikaipeleka CD mlangoni penye mwanga. Upande unaosomwa ulikuwa na utando wa rangi ya chai. Chini ya utando kulikuwa na mistari mingi myembamba, maana majivu yana chembe ngumu na kila alipochota maharage chembe zile zilisugua. Nilipoiweka kwenye ubao ulionyooka, ukingo mmoja ulinyanyuka. Joto la miaka sita lilikuwa limeikunja.

Kazi yangu ni kusimamia mradi wa maji wa kata, yaani mabomba, valvu na matangi. Kompyuta nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu na kwa kukosea. Katika mabomba nimeshika kanuni moja: maji yakipungua, usiguse valvu mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu yakirudi hutajua ni ipi iliyoyarudisha. Nikafungua daftari jipya, nikaandika kanuni hiyo ukurasa wa kwanza, na hata hivyo siku ya kwanza nilianza kwa kosa.

Miaka ya nyuma niliwahi kuhamisha kaseti za katekista wetu kuziingiza kwenye kompyuta. Kwa kaseti unachukua waya, unachomeka upande mmoja kwenye tundu la hedifoni la redio na upande wa pili kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, kisha unapiga kaseti huku kompyuta inarekodi. Nikafanya vilevile kwa CD, kwa mazoea tu. Wimbo wa saba uliingia ukiwa na kelele za aina tatu. Chini kulikuwa na mvumo mzito usiokatika. Juu ya mvumo kulikuwa na mchirizo kama mvua kwenye majani ya migomba. Halafu kulikuwa na milio mikavu, tak, tak, mingine imefuatana, mingine peke yake.

Nilichukua CD nyingine isiyo na kasoro, nikairekodi kwa njia ileile. Mvumo ulikuwepo, mchirizo ulikuwepo, milio mikavu haikuwepo. Kwa hiyo kelele mbili zilikuwa zangu na moja ilikuwa ya CD. Nilipochomoa chaja, kompyuta ikabaki kwenye betri, mvumo ukakoma palepale: umeme wa nyumba yetu hauna waya wa ardhini unaofaa. Mchirizo ulibaki, na nilipoutafakari ndipo nilipoona ujinga wangu. Muziki wa CD umeandikwa kwa namba. Hakuna haja ya kuupiga kwa redio ili kompyuta iusikilize kwa sikio bovu la maikrofoni. Kompyuta ina draivu yake ya CD, inaweza kuzisoma namba zenyewe na kuziandika upya, bila waya, bila redio. Nilifanya hivyo, mchirizo ukaondoka. Niliandika matokeo kwenye daftari, na chini yake nikaandika: siku mbili zimepotea.

Ikabaki milio mikavu. Niliosha CD kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, nikaikausha kwa fulana iliyochakaa, nikifuta kutoka katikati kuelekea ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaozunguka unafuata njia ya muziki na mkwaruzo unaoikata njia hiyo ni rahisi kurukwa. Utando wa chai ulitoka. Milio ikapungua kwa zaidi ya nusu. Nikapunguza mwendo wa draivu mpaka wa chini kabisa, kwa sababu CD iliyokunjika inayumba ikizungushwa haraka, ikapungua tena. Mwishoni mwa wiki ya kwanza nyimbo nyingi zilisikika safi nilipozionja moja moja, ingawa niliyoihifadhi kwenye kompyuta ni ile ya saba tu. Wimbo wa saba ulikuwa na sehemu mbili mbaya: milio mitatu karibu na mwisho, na katika ubeti wa pili, kwenye neno moja la juu lililovutwa, mkwaruzo wa kama nusu sekunde.

Mke wangu hakuuliza lolote siku zote hizo. Akipita mlangoni aliniona na hedifoni masikioni, akaendelea na kazi zake. Mara moja tu alisimama, akanong'ona, "Ipo?"

"Ipo. Bado ina kelele."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukatia ng'ombe majani.

Hatua iliyofuata ilikuwa kujaribu draivu nyingine, kwa sababu draivu mbili hazikosei mahali pamoja. Nikateremka mjini kwa fundi mmoja wa kompyuta ninayefahamiana naye, mtu wa umri wangu, miwani yake hukaa zaidi kwenye paji la uso kuliko machoni. Alipoona ninachotoa kwenye bahasha alicheka.

"Mangi! CD tena? Mimi hizi nawapa watu wa mpunga wakatundike shambani kufukuza ndege."

"Hii usimpe mtu. Nahitaji draivu ya nje, ya kuazima."

"Zimo kwenye boksi lile, chagua. Lakini lete kwanza niione kama inasomeka, usije ukabeba chuma kizito bure mpaka mlimani."

Nilimpa. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilimpa. Nilikuwa na daftari mkononi, na mstari wa mwendo mdogo nilikuwa nimeupigia mstari mara mbili, na sikumtajia. Akaisukuma CD ndani ya kompyuta kubwa ya mezani. Ikaanza kuzunguka, sauti ikapanda na kupanda, kama mashine ya kukoboa inapowashwa bila kahawa ndani, na meza ikaanza kutetemeka.

"Punguza mwendo!"

"Hii haina gia, Mangi, inakimbia yenyewe."

"Basi izime! Itoe!"

Ndani kitu kililia, kidogo tu, kama mtu amevunja kijiti cha kiberiti. Fundi alichomoa waya wa umeme ukutani. Tulipoitoa CD, kutoka kwenye tundu la katikati ulikuwa umeanza ufa, urefu wa punje ya mchele.

Fundi alishusha miwani machoni, akauangalia muda mrefu. Mzaha ulikuwa umemwisha.

"Ni ya nini hii?"

"Ni sauti ya mke wangu."

Anamfahamu mke wangu. Hununua mapazia kwake. Alienda kwenye boksi, akanichagulia draivu mwenyewe, akaijaribu, akaifunga kwenye gazeti. "Hii inasoma taratibu. Ukimaliza irudishe. Usipomaliza, irudishe pia unieleze."

Ufa ule ulikuwa bado kwenye plastiki tupu ya katikati, isiyo na muziki. Lakini muziki wa CD unaanzia ndani kuelekea nje, wimbo wa kwanza uko karibu na tundu, na kila mzunguko ungeusukuma ufa mbele. Nilipofika nyumbani sikumwambia mke wangu kuhusu ufa. Niliandika kwenye daftari kwamba kuanzia hapo CD itasomwa mara mbili tu, na ni wimbo wa saba peke yake.

Nilisoma mara ya kwanza kwa draivu ya kompyuta yangu, mara ya pili kwa ile ya kuazima, kwa mwendo wa chini kabisa, nikiwa nimeshika pumzi kama anayevusha mayai. Kisha nikaiambia programu itoe nakala moja kutoka kwenye nyingine. Penye kufanana kinabaki kimya, yaani mstari ulionyooka kwenye kioo. Penye kutofautiana kinabaki kilichotofautiana. Nilipata mstari ulionyooka tangu mwanzo wa wimbo mpaka karibu na mwisho, na pale mwishoni ile milio mitatu, maana draivu yangu ilikosea na ile ya kuazima haikukosea. Nikachukua kipande kizuri, nikakiweka mahali pa kibaya. Milio ikaisha.

Ule mkwaruzo wa ubeti wa pili haukuonekana kwenye mstari. Draivu mbili tofauti zilikuwa zimeusoma sawasawa, namba kwa namba. Maana yake ni moja. Haukuwa mkwaruzo wa majivu. Ulikuwa kwenye muziki wenyewe tangu siku ya studio.

Nikaandika: kelele ya studio, labda waya wa maikrofoni, labda mtu alikokota kiti. Nikachukua ile programu ya kusafisha. Unaionyesha kipande cha kelele, inakitambua, kisha inakiondoa. Ilichukua dakika chache. Neno lile la juu likatoka laini, limenyooka, na pumzi ndogo iliyotangulia neno hilo ikaondoka pamoja na mkwaruzo. Niliona si kitu. Nilisikiliza mara tano, nikaridhika, nikafunga daftari. Kwa siku kumi na moja nilikuwa nimesikiliza kila kitu katika wimbo ule isipokuwa anayeimba.

Jumapili iliyofuata nilimwita. Alinawa mikono, akaikausha, akakaa kwenye kiti changu, nikamvika hedifoni. Mimi nilisimama nyuma yake nikitazama mchoro wa sauti ukipita kwenye kioo. Ubeti wa kwanza hakutikisika. Ubeti wa pili ulipofika kwenye lile neno, akainua mkono.

"Hapa umetoa nini?"

"Kelele kidogo. Mkwaruzo."

"Nirudishie."

"Ni kelele ya studio, mama. Nimepima. Draivu mbili..."

"Nirudishie nisikie."

Nikafungua nakala ambayo haijasafishwa. Alisikiliza ubeti wa pili, akaurudia, akaurudia tena. Vidole vyake viwili vilikuwa shingoni, juu ya mshono. Alipovua hedifoni hakunigeukia; alizungumza akiwa anatazama kioo, nami ikabidi niiname ili nimsikie.

"Siyo kiti," akanong'ona. "Ni mimi. Sauti ilikwama. Nilimwambia mwalimu wa kwaya turudie, akasema hakuna mtu atakayesikia."

"Siku ya studio?"

"Siku ya studio. Ilikuwa imeshaanza. Baada ya hapo nikawa nasema nimechoka, nampisha mwingine aimbe peke yake. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimeamini kwamba amechoka.

Hapa lazima niseme jambo nililolibeba miaka sita. Kabla ya upasuaji mke wangu alisema tusubiri. Usiku hakuweza tena kulala chali, tezi lilikuwa linambana koo, lakini alisema tusubiri, ataangalia. Mimi ndiye niliyesoma kila nilichoweza kukipata, nikachora jedwali la faida na hatari, nikamwekea mezani, nikasema tukate. Na aliporudi hana sauti, sikuweza kuishi nyumba moja na CD ile. Sasa nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na nusu sekunde ya ushahidi kwamba sauti ilikuwa imeanza kuondoka miaka mitatu kabla ya kisu. Nikahisi mabega yangu yakiwa mepesi, na nikafungua mdomo.

"Kwa hiyo haikuwa upasuaji peke yake. Ilikuwa tayari..."

"Baba." Aligeuka. "Usijipatie nafuu hapo."

Nikashika mgongo wa kiti.

"Hata na mkwaruzo huo ningeimba. Ningeimba vibaya, lakini ningeimba." Akapumzika, maana sentensi ndefu zinamchosha. "Na sikusemi kwa kukata. Ningekufa usingizini, najua. Nakusema kwa kuificha. Ulimpelekea mama kwa nini?"

Ningeweza kumwambia niliogopa itamuumiza. Ndivyo nilivyojiambia wakati ule. "Niliogopa utaniambia niipige," nikasema. "Nami nikae hapo nikisikia."

Alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Kisha akaniambia nifute nakala iliyosafishwa, nikaifuta mbele yake. Akavaa tena hedifoni, akasikiliza wimbo mzima kutoka mwanzo. Alipomaliza alisema kitu ambacho sikukitegemea: kwamba alikuwa ameshaisahau kweli. Alikuwa akiikumbuka nyembamba zaidi, ya kisichana. "Kumbe ilikuwa nzito hivi," akasema, na mdomo wake ukafuata maneno ya ubeti wa kwanza, bila sauti, pumzi tu.

Halafu akauliza, "Na za wengine?"

Nikamweleza kuhusu ufa. Nilimweleza yote: fundi, mwendo, mstari nilioupigia mstari mara mbili. Aliishika CD dhidi ya dirisha, akauona.

"Kwa hiyo umetoa wangu, ukaacha wa watu."

"Nikiendelea inaweza kupasuka."

"Wangu umeshatoka. Endelea."

Tulifanya pamoja, mchana wa Jumapili ile. Tulianzia nyuma, wimbo wa kumi na moja, tukija ndani, ili zilizo mbali na ufa zitoke kwanza. Yeye alivaa hedifoni na kuinua kidole kila aliposikia mlio. Sikio lake ni bora kuliko programu yangu. Wa kumi, wa tisa, wa nane. Wa sita, wa tano. Mama alikuja na bakuli la mtori, akasimama mlangoni, akaisikia ile CD inavyotetema ndani ya draivu, akasema, "Na bado mnanilaumu mimi," akaweka bakuli, akaondoka. Mke wangu alicheka. Kicheko chake ni pumzi tatu fupi. Wimbo wa nne ulitoka. Wa tatu ulitoka ukiwa na milio minne. Katika wimbo wa pili draivu ilitoa ule mlio wa kijiti cha kiberiti, ikasimama. Ufa ulikuwa umevuka plastiki tupu na kuingia kwenye muziki, urefu wa pingili ya kidole. Nilijaribu draivu nyingine. Kompyuta haikuitambua tena kama CD.

Nilikaa nikiitazama. Mke wangu alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole.

"Wa pili waliimba wale dada wawili wa kule juu. Wako hai, nitawaambia sokoni. Wa kwanza..." Akasita. Wimbo wa kwanza ulianzishwa na sauti moja ya besi, ya jirani yetu wa chini ya mfereji, aliyefariki mwaka juzi. Mjane wake yuko palepale, na ng'ombe wake mmoja. "Mkewe anajua tunafanya kazi hii," akasema mke wangu. "Aliniuliza Jumatano tukitoka jumuiya. Nikamwambia bado kidogo."

"Besi yake ipo pia kwenye wa tano."

"Kwenye wa tano yuko na wenzake sita. Huwezi kumtenga." Akavua hedifoni, akaukunja waya wake taratibu. "Utaenda kumwambia wewe. Usimtume mtu."

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Draivu nimeirudisha kwa fundi, nikamweleza, akasema pole na hakutaka kuongea zaidi. Mke wangu ana wimbo wa saba kwenye simu. Sijui kama anausikiliza; sokoni sipo, na nyumbani sijamwona akiusikiliza. Mjane nimekutana naye mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mlangoni pa kanisa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanitazama kama anayengoja neno la pili, nami nikamuuliza habari ya ng'ombe. Mara ya pili nilikuwa nakagua bomba karibu na mfereji, nikaona kilemba chake kwenye kahawa, nikainamia valvu ambayo haikuwa na tatizo.

Nimejaribu kupanga namna ya kumwambia. Nimeandika sentensi kwenye daftari na kuzifuta. Nimewaza nimtengenezee kitu kutoka kwenye wimbo wa tano, nipunguze sauti za juu na za kati ili besi ijitokeze. Hata nilijaribu. Inatoka besi ya watu saba waliofunikwa blanketi, na ningempa hiyo ningekuwa namdanganya.

Leo asubuhi mke wangu aliniuliza kwa mara ya nne. "Umeshamwambia?"

"Bado."

"Unaficha tena."

Hakukasirika. Alichukua futi yake ya mbao akaenda sokoni. Mvua imekatika, na kutoka hapa nilipokaa nasikia mtu anakata mgomba kule chini ya mfereji, panga linaingia kwenye shina lenye maji, linatoka, linaingia tena. Yuko nyumbani. Nimeiweka simu mfukoni, ina wimbo wa tano kama ulivyo, na wenzake sita wote. Nitamwamkia, na kabla hajaniuliza chochote nitamwambia kwamba wimbo wa kwanza ulikuwepo, na kwamba ulipotea mikononi mwangu.